Aliyemjibia Mke Wangu

Mke wangu alifariki kwenye mvua zilizopita. Waliokuja kunipa pole walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na hayo ni mambo mawili.

Mimi sikusoma. Herufi alinifundisha yeye, kwa chaki ya fundi, kwenye mabaki ya mbao. Kwa hiyo nitaandika machache. Nitaandika habari moja ya maisha yake ambayo msibani hakuna aliyeitaja, maana wengi walioijua wametangulia.

Tulifanya kazi karakana moja ya samani, mafundi wanane chini ya paa moja la bati. Mwenye karakana tulimwita Tajiri, ingawa suruali yake ilikuwa na viraka kama zetu. Mimi nilikuwa mtu wa msumeno wa umeme. Ni meza ya chuma yenye ufa katikati, na kwenye ufa huo limechomoza gurudumu la meno. Mimi nasimama mbele, nasukuma ubao. Mke wangu anasimama nyuma, anaupokea. Ubao ukishapita nazima mashine, meno yanasimama, yeye anapitisha mkono juu ya meza na kuondoa vipande vilivyobaki pembeni ya meno. Tunaweka ubao mwingine.

Watu walitutania. "Hawa wameoana mpaka kwenye mbao," alisema mzee wa vanishi, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa maneno. Wote walimwita mke wangu shemeji.

Siku aliyoomba kazi, Tajiri alicheka. Akasema, "Mwanamke na mbao wapi na wapi?"  Mke wangu alikwenda mlangoni, akajitwika ubao mbichi, akauleta mpaka kwenye mashine, akauliza, "Niuweke wapi?" Basi akapewa kazi. Lakini miaka yote ile alijua kwamba akikosea, haitasemwa amekosea yeye. Itasemwa wanawake hawawezi.

Pale palikuwa na desturi. Kabla yetu, fundi mmoja aliacha vidole viwili kwenye meza ile. Tangu hapo ikawa mashine haiwashwi mpaka mtu wa msumeno aseme, "Meno." Kisha kila mmoja anajibu pale alipo, "Kando," mmoja baada ya mwingine, kuanzia aliye mlangoni. Wa mwisho ni aliye nyuma ya mashine, kwa sababu ndiye aliye karibu na meno kuliko wote. Huyo ni mke wangu. Sauti yake ikitoka, nawasha.

Mwaka mmoja ikaja homa. Ilimlaza majuma mawili. Alipoinuka alisema masikioni mna mlio kama wa mashine ya kusaga. Mlio ukaisha kwenye sikio moja, na sikio likaisha nalo. Mwezi uliofuata likaisha la pili. Tulikwenda zahanati, tukaandikiwa dawa ya matone. Matone yalikwisha, yeye hakusikia.

Usiniulize kwa nini hatukusema. Kabla ya hapo tulikuwa na fundi mchongaji, mtu wa mikono ya ajabu. Jicho lake moja likaanza kuingia ukungu. Hakuharibu hata ua moja kwenye mbao. Lakini Tajiri alipojua, alimwita nje, wakasimama kwenye jua dakika mbili, mchongaji akarudi kuchukua patasi zake. Tajiri akatuambia, "Hapa karakana, si zahanati." Mchongaji hakuulizwa anaona nini na haoni nini. Hakuulizwa kitu.

Mke wangu alikuwapo siku ile. Aliyaona yale macho ya mchongaji.

Basi tukaficha. Nyumbani alijifunza kusoma midomo yangu, akawa anaijua kuliko mimi mwenyewe. Kazini tukapanga hivi: kabla ya kusema "Meno" namtazama yeye kwanza, nasema nikiwa nimemwelekea. Akiona mdomo umefunguka hivyo, anaondoa mkono, wenzake wanajibu, na mimi nikipepesa jicho anasema "Kando" ya mwisho. Sauti yake ikiwa kubwa mno nagusa kola ya shati. Anaipunguza.

Vumbi la mbao ni baya. Wenzangu wakisogea kwenye msumeno walijifunga kitambaa puani na mdomoni. Mimi nikaacha kujifunga. Nilikula vumbi miezi kumi na moja ili mdomo wangu uonekane.

"Fundi, unatafuna maranda kama mbuzi," alinitania fundi wa randa, ambaye tulimwita Kitambaa kwa sababu yeye hakivui hata akinywa chai. Anakiinua kidogo tu, anapitisha kikombe.

"Yananenepesha," nikamwambia.

Nilicheka. Miezi ile sikukosa kazi hata siku moja. Jino lilinivimba mpaka jicho likafumba, nikaenda. Nilimzika kaka yangu asubuhi, mchana nikaenda. Nikiumwa mimi, msumeno unashikwa na Kitambaa. Na mdomo wa Kitambaa hauonekani.

Usiku niliota mlio wa mashine. Naamka, nashika mkono wake, nahesabu vidole. Yeye aliamka akaniuliza, "Wapo?" Namwambia wapo. Anageuka analala. Yeye alilala. Mimi sikuwa na usingizi.

Siku moja ya Ijumaa Tajiri alitoka kwenye chumba chake kidogo akasema kabati tulilomtengenezea mteja mmoja liko tayari, na mteja anataka aliyetengeneza milango aende nalo akaifunge mwenyewe.

"Nani alitengeneza milango?" akauliza.

Nikainamia ubao wangu.

"Wewe," akaniambia. "Mwenye mkokoteni yuko nje."

"Tajiri, nimalize kwanza mbao hizi. Zimebaki kumi na mbili."

"Kitambaa atazimaliza."

"Kitambaa ana kazi ya randa."

"Fundi, karakana ni yako au yangu?"

Kitambaa alikuwa tayari anakuja, anajipangusa mikono. Nikamtazama mke wangu. Nikamwonyesha kwa jicho upande wa vanishi, maana yangu, nenda kapige msasa, ondoka hapa. Akatikisa kichwa. Alijua akiondoka ghafla Tajiri atauliza kwa nini, naye hatasikia ameulizwa. Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nenda.

Nikaenda.

Mwenye mkokoteni alisukuma, mimi nikashika kabati lisianguke. Tukapita duka la vioo, tukapita mafundi baiskeli. Kila mlio niliousikia nilidhani ni ule wa msumeno. Kijana wa kuchomelea vyuma alipowasha chombo chake, niligeuka kutazama nyuma. Nikafanya hesabu. Ubao wa kwanza watakuwa wanaupima. Sasa wanauweka. Sasa Kitambaa anainama kuangalia alama, maana yeye huinama, hamtazami mtu. Sasa anasema "Meno" ndani ya kile kitambaa.

"Simama," nikasema.

"Tumefika?"

"Nisubiri hapa."

"Fundi, katikati ya barabara? Kabati la watu hili."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilikuwa mtu wa miaka arubaini na tano, mwenye kifua cha vumbi. Nilikimbia na roho mkononi. Nikamgonga mama mwenye ndoo, sikuomba radhi.

Nilipofika ukutani kwa karakana nikasikia sauti ya Kitambaa, nzito, ya ndani ya nguo.

"Meno."

"Kando," akasema wa mlangoni. "Kando," akasema wa gundi. Ya tatu, ya nne. Siku ile bila mimi zilitakiwa sita. Ikaja ya tano, ya mzee wa vanishi. Kisha kimya.

Nikasema moyoni, vizuri. Hajajibu. Kitambaa hatawasha.

Ndipo nikasikia ya sita. "Kando." Nyembamba, ya haraka. Ya kike. Lakini nililala na sauti ya mke wangu miaka ishirini, na ile haikuwa yake.

Nikaingia. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya meza, mkono wa kulia umevuka ufa, anaondoa kipande kilichonasa. Kitambaa ameinamia alama yake, kidole kiko kwenye kitufe. Mzee wa vanishi amesimama na brashi, mdomo bado uko wazi. Sikuita. Ningemwita nani? Swichi kubwa ya umeme ilikuwa ukutani karibu na mlango. Nikairukia, nikaivuta chini kwa mikono miwili.

Mashine ilishaanza. Ilitoa nusu ya mlio, ikashuka, ikafa. Taa zikazimika, redio ya jirani ikazimika.

Mke wangu alikuwa amesimama wima, mkono kaukumbatia kifuani. Alihisi meza inatetemeka akautoa. Meno yalichukua upindo wa mkono wa blauzi, kipande kama cha vidole viwili. Kilikuwa pale kwenye ufa, kinaning'inia. Nikaushika mkono nikahesabu. Vitano. Nikahesabu tena.

Tajiri akatoka. "Nani amezima umeme?"

"Mimi," nikasema. Kisha nikasema lile nililolificha miezi kumi na moja. "Hasikii. Mke wangu hasikii."

Yeye alikuwa ananitazama mdomo. Aliliona likitoka.

Tajiri akatazama kile kipande cha nguo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kama hasikii, nani kajibu?"

 Brashi ya mzee wa vanishi ilikuwa inadondosha vanishi kwenye kiatu chake.

"Mimi," akasema.

"Wewe ndiye shemeji yao?"

"Nilimsaidia tu, Tajiri. Siku nyingi nimejua. Nilidondosha kopo nyuma yake hakugeuka. Nikasema siri ya mtungi aijuaye kata, ninyamaze. Leo nikaona amechelewa kujibu na wewe uko hapo ndani unasikia. Nikaona watamfukuza." Sauti yake ikakatika. "Sikutazama mkono ulipo. Wallahi sikutazama mkono."

Wa gundi akasema pole pole, "Hata mimi nilijua."

Ikatokea kwamba walijua watano. Kila mmoja alijua peke yake, na kila mmoja alificha kwa wema wake. Hakuna aliyemwambia mwenziwe, na hakuna aliyemwambia mke wangu kwamba anajua. Kitambaa peke yake ndiye hakujua, na Kitambaa ndiye aliyekuwa na kidole kwenye kitufe. Alikaa chini kwenye maranda. Kwa mara ya kwanza nikamwona amevua kitambaa. Alikuwa na meno madogo kama ya mtoto, na yalikuwa yanagongana.

Tajiri akasema, "Nendeni nyumbani wote. Jumatatu."

Nikarudi kulichukua kabati la watu barabarani. Mwenye mkokoteni alikuwa amekaa juu yake, watoto wamemzunguka, madereva wanamtukana.

Jumamosi na Jumapili mke wangu hakusema nami. Alipika, akafua, akaishona ile blauzi. Jumapili jioni nikakaa mbele yake ili anione.

"Mama," nikasema, "mkono ungekatika."

"Mkono ni wangu."

"Nifanye nini basi? Ninyamaze?"

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema. "Tena watu wenyewe walishaniona uchi, mimi tu ndiye nilikuwa sijui." Akaendelea kushona. Sauti yake ilikuwa kubwa, majirani wakanyamaza upande wa pili wa ukuta. Nikagusa kola. Akaona. Hakuipunguza.

Usiku ule niliogopa vitu viwili, na nilishindwa kujua kipi kikubwa. Niliogopa Tajiri atamfukuza. Na niliogopa hatamfukuza, kesho mkono utarudi kwenye ile meza.

Jumatatu tulikusanyika. Mashine imezimwa. Tajiri alisimama karibu na dirisha, anatazama nje, akaanza kusema. Alisema yeye si mtu mbaya. Alisema karakana ni ndogo, hana mahali pa kumweka mtu asiyeweza kujibu. Alisema angekatika mtu, nani angekuja kununua kitanda hapa.

"Tajiri," akasema mke wangu. "Geuka nikuone."

Watu walitazama miguu yao. Tajiri akageuka. Ilibidi aanze upya, na nikaona kwamba maneno yale ni mepesi kuliambia dirisha. Alifika katikati akakwama.

Mke wangu akasema, "Mchongaji hukumuuliza. Mimi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize nafanyaje kazi."

Tajiri akajikuna shingo. "Haya. Unafanyaje kazi?"

"Kwa macho. Miezi kumi na moja nimepokea kila ubao, hakuna ulioanguka. Sasa muulize na Kitambaa. Kitambaa, nyundo zikiwa zinalia, ukisema 'Meno', unasikia sauti ngapi?"

Kitambaa alikuwa amejifunga tena. Akakishusha kitambaa ili mke wangu amwone mdomo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. "Shemeji, niseme kweli? Nyundo zikilia nasikia tatu. Nne. Nyingine najazia mwenyewe."

"Unajazia?" akauliza Tajiri.

"Najua wapo. Nasema watakuwa wamejibu."

Mimi pia nilikuwa najazia. Sikusema, lakini uso ulinisema, maana Tajiri alinitazama akaguna.

Mke wangu akachukua chaki. Akachora mstari sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mashine, akauzungusha pande zote. Akasimama nje ya mstari, akainua mkono juu.

"Mtu wa msumeno asihesabu sauti," akasema. "Ahesabu mikono. Mkono ukiwa juu hauko kwenye meza. Na mkono huwezi kumwinulia mwenzio," akamtazama mzee wa vanishi, "hata ukimpenda vipi."

Mzee wa vanishi akainamisha kichwa. Kisha akainua mkono wake. Wa gundi akainua. Tukainua wote, tumesimama pale kama watu walioshikwa na majambazi. Kitambaa akasema, "Basi mimi kitambaa changu kinabaki? Nilidhani mtanibadilisha jina." Mmoja akacheka, akajizuia.

Tajiri hakucheka. Akatembea kwenye ule mstari wa chaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kiatu mbele ya kiatu. Akahesabu mikono yetu kwa kidole. Akaniambia, "Washa."

Nikamtazama mke wangu. Mkono wake ulikuwa juu, na ile blauzi ina kiraka kwenye upindo. Nikahesabu saba. Nikawasha. Ubao wa kwanza ulipinda njia, nikauharibu. Wa pili ulinyooka. Yeye akaupokea.

Tajiri akasema, "Mwezi mmoja. Nikiona damu, hata ya kucha, mnaondoka wote wawili."

Mwezi ulipokwisha hakusema kitu. Hakusema abaki, hakusema aende. Nasi hatukuuliza. Mke wangu alifanya kazi pale miaka tisa mingine, na kila mwisho wa mwezi nilimwona anapanga vitu vyake kwenye kikapu jioni, endapo ataambiwa asirudi. Msumeno haukumgusa. Lakini usiulize kama niliacha kuogopa.

Nirudi kwenye Jumatatu ile, nimalize.

Jioni tulipotoka, yeye alitangulia. Kwa kawaida tulitembea bega kwa bega. Siku ile alikwenda haraka, kikapu begani, hakutazama nyuma. Mbele kulikuwa na barabara kubwa ya kuvuka, na malori ya saa ile hayapungui mwendo. Nikamwona anaikaribia. Kinywa changu kikafunguka kumwita, nikakifunga. Nilikimbia tena, mara ya pili katika siku nne, kifua kinawaka. Nikamfikia ukingoni, nikamgusa bega.

Akashtuka. Akageuka, akanitazama usoni muda mrefu, malori yanapita nyuma yake hata hayasikii.

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Nilishayaona."

"Sikujua kama umeyaona."

"Uliza," akasema. "Siku nyingine niulize kwanza, baba. Ndipo ukanisemee."

Nikamwambia nitakuuliza. Nililisema pole pole, nimemwelekea, ili aone kila neno. Aliona. Hakusema amekubali. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanishika mkono, tukavuka.